Kahawa ya Uyoga na Ng'ombe wa Mama

Nyumbani kwetu tunalima kahawa na tunakunywa chai. Nilipokuwa chuo, wenzangu wa mikoa mingine walidhani natania. Walifikiri watu wa mlimani tunaamka, tunachuma, tunakaanga na kunywa, huku theluji ikitutazama kwa nyuma kama kwenye kalenda. Ukweli ni kwamba kahawa ilikuwa mali ya baba. Sote tuliichuma, sote tuliimenya kwa mashine ya mkono mpaka nguo zikanuka, lakini ikishakauka ilishuka kwenda kuuzwa na habari yake ikaishia hapo. Migomba na maziwa vilikuwa vya mama. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa, na mtu ambaye angechukua buni za baba akazikaanga angeonekana sawa na anayekula mbegu kabla ya kupanda.

Bila kujua hilo, mtu hawezi kuelewa jinsi familia yenye mibuni hadi dirishani ilivyokuja kununua kahawa ya unga kutoka nje ya nchi, kwenye vipakiti, yenye uyoga ndani.

Ilianza na mama kuchoka. "Kuchoka" ni neno ambalo mama alilitumia kwa watu wengine. Yeye kila alasiri alishuka hadi shamba la chini, akakata majani, akayafunga, akayapandisha kichwani hadi kihambani, yaani shamba letu la migomba lililoizunguka nyumba, ambako ng'ombe wake amefungwa bandani. Ng'ombe wa kwetu hatembei. Majani ndiyo yanayotembea. Mwaka huu, bila kumwambia mtu, mama akaanza kukaa njiani.

Baba ndiye aliyeona. Hakumwambia mama, alinipigia mimi simu.

"Mama yako anakaa njiani," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari kwamba kanisa limehamishwa.

"Anakaaje, baba?"

"Anakaa. Anashusha mzigo, anakaa, anaangalia mbele. Mimi nataka tumuuze yule ng'ombe. Kuna mtu wa kule Holili ananunua. Nimemwambia apite tukimaliza kuchuma."

"Na mama amesema nini?"

"Amesema ng'ombe si wangu."

"Kweli si wako."

"Najua si wangu! Na shingo yake si yangu, lakini nikiiona chini ya ule mzigo inaniuma mimi."

Nilipopanda nyumbani Jumamosi kutoka mjini nikamuuliza mama mwenyewe. Alikuwa amekaa jikoni anachambua mchele. "Wakishamchukua," alisema, "nitafanya nini mimi? Nikae hapa niangalie migomba ikikua?" Hakuwa analalamika, aliuliza kweli. Yule ng'ombe ndiye aliyempa sababu ya kuamka, maziwa ya kupima, majirani wa kumpigia hodi, na mtu wa kumsema kwa Kichagga asubuhi mapema bila kujibiwa. Baba hakuwa anataka hela, alikuwa na hofu. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: mama apate nguvu zake kabla mavuno hayajaisha, au banda libaki tupu.

Hapo ndipo akaingia mama mdogo.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, tumbo moja. Anakaa mtaa wa Soweto, pale mjini, na mimi naishi kwake tangu nimalize chuo na shahada yangu ya takwimu, ambayo kwa sasa inanisaidia kufundisha hesabu masomo ya ziada kwa watoto wa Njoro. Mama mdogo ni mwanamke wa biashara. Nimeshamwona akiuza vitenge, sufuria zisizogandisha, mafuta ya nywele na mashuka. Kila bidhaa anaiamini kwa moyo wote mpaka iishe, ndipo anaanza kuiamini nyingine. Si tapeli. Angekuwa tapeli, ingekuwa rahisi kubishana naye.

"Dada anahitaji uyoga," aliniambia, akimenya ndizi za mtori.

"Anahitaji kupimwa."

"Apimwe nini? Hana homa, hakohoi. Amechoka. Na hiki kipakiti ni cha uchovu, soma hapo."

Nikasoma kipakiti. Uyoga wa tiba, kilisema, wa kurudisha nguvu, kuondoa uchovu, kusafisha mwili na mambo mengine ambayo kwa kawaida yanahitaji idara nzima ya hospitali.

"Mama mdogo, utafiti uko wapi?"

"Huu hapa." Akanisogezea simu. Kundi lao la mauzo lilikuwa limejaa sauti za watu wakishuhudia: mmoja alikuwa hawezi kuinuka, sasa analima; mwingine alikuwa analala ofisini, sasa amepandishwa cheo; mwingine alikuwa amegombana na mumewe, sasa hawagombani.

"Na huyu wa mume, naye ni uyoga?"

"Mtu akiwa hana uchovu hana gubu. Wewe kunywa kimoja, tuone."

Mchana ule, katikati ya vipindi, nilikaa kwenye benchi nje ya darasa nikasoma tafiti kwenye simu. Nilitegemea kukuta upuuzi mtupu, ili nirudi na maneno makali. Sikukuta upuuzi, na hilo liliniudhi zaidi. Tafiti zipo. Nyingine zilifanywa kwa panya, wakaogeleshwa mpaka wachoke, na waliolishwa uyoga wakachelewa kuchoka. Nyingine zilifanywa kwa watu, lakini wachache, kwa muda mfupi, na baadhi yao walikuwa wagonjwa waliochoshwa na matibabu ya saratani, ambao uchovu wao una historia yake. Wapo waliopewa uyoga wakasema wanajisikia vizuri. Wapo waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani nao wakasema hivyohivyo. Aina ya uyoga inabadilika kutoka utafiti mmoja hadi mwingine, kipimo kinabadilika, na wakati mwingine ukishuka hadi mstari wa chini kabisa unakuta aliyelipia utafiti ndiye muuzaji. Kwa ufupi, huenda unamsaidia mtu fulani kwa jambo fulani, hakuna anayejua vizuri, na hakuna aliyewahi kumpima mama anayepanda mlima na mzigo wa majani kichwani.

Jioni nikamweleza mama mdogo yote hayo. Akasikiliza kwa makini sana.

"Umesema huenda unasaidia."

"Nimesema hatujui."

"Huenda si hapana."

"Na si ndiyo!"

"Basi tumejua nusu. Nusu nyingine dada ataijua akinywa."

Jumapili akawa amepanda kwa mama na boksi.

Wiki iliyofuata nilimkuta mama uwanjani anafagia, kitambaa kimekaa upande, anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya ya akina mama na kujisahihisha mwenyewe. Baba alikuwa amesimama mlangoni akimtazama kama anayetazama redio iliyojiwasha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Aisee, huu uyoga una nguvu. Leo nimeamka kabla ya jogoo. Nimemwamsha yeye."

"Na usiku unalala?"

"Usiku silali sana. Nawaza. Lakini nawaza mambo mazuri tu."

Nilijua dalili hizo. Zilinipitisha mitihani yote ya mwaka wa tatu. Nikachukua kipakiti nikasoma nyuma, kwenye maandishi madogo. Kitu cha kwanza kwenye mchanganyiko kilikuwa kahawa. Kisha sukari, kisha unga wa maziwa, na mwishoni, baada ya vitu vingine visivyojulikana, uyoga.

"Mama, umewahi kunywa kahawa?"

"Kahawa? Kahawa nimeichuma tangu sijaota meno ya pili."

"Kunywa, mama."

Akafikiri. Akamtazama baba, baba akatazama mibuni. "Kunywa hapana," alisema mama. "Nani anakunywa kahawa?"

Hapo nikawa na furaha ambayo wasio na shahada ya takwimu hawaijui. Nilikuwa na mama mchangamfu na sababu mbili za uchangamfu wake, na njia ya kuzitenganisha ilikuwa inaota nje ya dirisha. Nikawakalisha mezani nikawaeleza. Tungekuwa na makopo mawili yanayofanana. La kwanza unga wa uyoga wa mama mdogo. La pili kahawa ya baba, imekaangwa na kusagwa. Vyote vichemshwe na maziwa, sukari na tangawizi nyingi ili ladha zifanane. Kila asubuhi baba arushe sarafu nyuma ya jiko. Upande mmoja amtengenezee mama kikombe cha uyoga, upande mwingine kikombe cha kahawa, bila kusema. Mama asijue, na mimi nisijue, ili tusijidanganye. Jioni nitapiga simu kuuliza.

"Kahawa yangu?" aliuliza baba. "Kwa nini?"

"Ya kulinganisha."

"Ilinganishwe na unga huo? Hata mti wake hauna."

Lakini alikubali. Akachota buni alizobakiza msimu uliopita, mama akazitwanga kwenye kinu kuondoa ganda, baba akazikaanga kwenye sufuria juu ya moto wa kuni, akizigeuza kwa mwiko na uso wa mtu anayetenda dhambi ndogo. Harufu ikajaa kihambani kote. Jirani akaja mbio kuuliza ni nini kinaungua. Zikasagwa, zikachemshwa, na baba akanywa kikombe cha kwanza cha kahawa yake mwenyewe katika maisha yake yote.

"Kumbe ndiyo hii wanayoifuata," alisema.

Jaribio likaanza. Kila jioni nilipiga simu kutoka Soweto, mama mdogo akiwa amenikalia begani.

"Mama, leo nguvu zako ni ngapi, kuanzia moja hadi kumi?"

"Kumi ni nini?"

"Kumi ni nguvu zote."

"Nguvu zote ni za Mungu. Andika saba."

Kesho yake saba. Keshokutwa saba. Siku ya mazoezi ya kwaya nane. Mama mdogo alipanda kuangalia, akarudi akisema dada yake anang'aa, uyoga umeingia kwenye mifupa. Mimi nilikuwa nangojea tu siku ya kufungua siri, nione siku za uyoga zilivyokuwa na siku za kahawa zilivyokuwa, na nilishaandaa hotuba.

Siku ilipofika tulipanda wote wawili. Mama alipika machalari, ndizi na nyama, na baada ya kula nikamgeukia baba.

"Haya baba, tuambie. Siku zipi zilikuwa za uyoga?"

Baba akakohoa. Akatazama dari. Kisha akasimama, akaleta yale makopo mawili, akayafungua mbele yetu. La kahawa lilikuwa tupu, limekwanguliwa hadi chini. La uyoga lilikuwa limejaa vilevile nilivyolijaza.

"Baba! Sarafu je?"

"Sikuirusha."

"Hata siku moja?"

"Niliirusha siku ya kwanza, ikasema uyoga. Nikaona haina akili." Akaketi. "Sasa mke wangu nimpe uyoga wa watu nisiowajua, wakati kahawa yangu ipo? Majirani wakisikia, ningeonekanaje?"

Mama mdogo alikuwa ameshika mdomo. "Kwa hiyo dada hajanywa uyoga?"

"Wiki ya kwanza tu, ule ulioleta wewe."

"Na ile mifupa?" nikamuuliza mama mdogo.

"Niache."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya khanga. "Kwa hiyo zile saba zote zilikuwa za kahawa yetu! Na wewe, baba watoto, umenificha kitu kitamu hivi tangu harusi!"

Kitaalamu jaribio lilikuwa limekufa. Utafiti mwingine huharibiwa na wagonjwa wanaokimbia, au vipimo vibovu. Wangu uliharibiwa na wivu wa mkulima. Lakini jambo moja lilionekana wazi: mama alikuwa mchangamfu vilevile bila uyoga. Nikatoa hotuba yangu, iliyofupishwa kidogo. Mama mdogo akaomba chai.

Alasiri mama akachukua panga na kamba, nami kwa furaha ya ushindi nikasema nitamsindikiza. Tulishuka tukipiga soga. Aliniambia habari za mwalimu wa kwaya, za mfereji ulioziba, za binti wa jirani anayetaka kuolewa na mtu wa kupandisha wageni mlimani. Tukakata majani, tukafunga mizigo miwili, wake mkubwa kuliko wangu kwa sababu hakukubali vinginevyo, tukaanza kupanda.

Hatukufika mbali. Kabla ya kona ya kwanza soga zilikatika. Baada ya kona, akashusha mzigo na kukaa.

"Pita tu," alisema. "Nakuja."

Sikupita. Nilikaa karibu yake. Midomo yake ilikuwa imepauka, rangi ya ganda la ndizi lililomenywa jana, na pale shingoni, juu ya khanga, niliona mshipa ukidunda kwa kasi kama kitu kinachotaka kutoka. Alifungua fundo la khanga, akatoa punje za mchele mbichi, akaanza kuzitafuna.

"Tangu lini unatafuna mchele, mama?"

"Hee, siku nyingi. Unanukia vizuri. Nikichambua wa kupika, nusu unaishia mdomoni."

Tuliinuka, tukapanda kidogo, akakaa tena. Hiyo ndiyo njia aliyoipanda maisha yake yote huku akiimba.

"Mama," nikasema, "hapa ulipo sasa hivi, nguvu zako ni ngapi kati ya kumi?"

"Hapa?" Alivuta pumzi kwanza. "Hapa sijui kama nafika mbili."

"Na mbona kila siku unaniambia saba?"

"Wewe si unaniuliza jioni? Jioni nimeshakaa."

Kahawa ilikuwa imemwondolea usingizi, ikamrudishia soga na nyimbo, na mimi nikawa napima soga na nyimbo. Pumzi hakuna aliyeigusa, si uyoga, si kahawa, si hotuba yangu. Tulikuwa tumebishana msimu mzima mimi na mama mdogo kuhusu kitu kilichomo kikombeni, na yeye akiendelea kukaa njiani.

Tulipofika nyumbani nikasimulia mbele ya wote, pamoja na mchele. Nilidhani mama mdogo atasema sasa ndipo uyoga uanze rasmi. Hakusema. Alimsogelea dada yake, akamshika mkono, akaugeuza akatazama kiganja.

"Dada, hiki kiganja hakina damu. Kesho tunashuka hospitali."

"Wataniambia niuze ng'ombe," alisema mama.

"Wakikwambia hivyo, nitagombana nao mimi. Unanijua."

Mama akaenda kutafuta nguo ya kushukia. Anamjua.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, huenda alinizidi kidogo tu umri. Alimsalimia mama shikamoo, akavuta kope lake la chini, akatazama, akauliza kama kuna kitu anapenda kutafuna: udongo, barafu, mchele. Mama akanitazama kwa jicho la kuniuliza kama nilishasema. Kisha daktari akauliza kuhusu siku zake za mwezi.

Mama aligeukia ukutani, palipokuwa na picha ya mama anayenyonyesha, akaijibu ile picha. "Mgeni wa mwezi anakuja," alisema taratibu. "Ila tangu mwaka jana, akija haagi."

"Dada!" Mama mdogo alikaribia kuanguka kwenye kiti. "Na mimi mdogo wako hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeniuzia kitu."

Daktari alijitahidi asicheke, akashindwa. Wakampima. Damu ilikuwa imepungua sana. Baadaye kipimo kingine kikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, si wa kutisha, ndio uliokuwa unamtoa damu polepole bila kelele. Akapewa dawa za kupunguza kutoka damu, vidonge vya madini ya chuma, tarehe ya kurudi, na maelekezo: nyama, maini, mnafu wa kutosha na limau. Chai na kahawa asizinywe na chakula wala na vidonge, asubiri kwanza, maana vinazuia madini yasiingie mwilini. Na asibebe mzigo mzito mpaka damu ipande.

Sikuweza kujizuia. Nikauliza kuhusu uyoga. Nakiri nilitaka aukanyage mbele ya mama mdogo.

"Sijui," alisema daktari, akiendelea kuandika. "Kwa mgonjwa kama mama sijaona ushahidi wa kutosha wa kumwandikia. Na mtu anayetoka damu nyingi ningemwambia auache kwanza, kwa sababu kuna wasiwasi kuwa aina nyingine zinachelewesha damu kuganda. Wasiwasi, sijasema uhakika." Akainua kichwa. "Ila hata ungekuwa mzuri namna gani, ndoo inavuja. Tuzibe kwanza."

Tukatoka nje. Mama mdogo akasema, "Huyu daktari ana adabu. Hajasema ni mbaya," akafungua mkoba kumnunulia mama machungwa.

Baba, aliposikia habari ya damu kuganda, alitembea siku mbili nzima kama mtu aliyeokoa kijiji. Lakini aliposikia habari ya mzigo mzito aliinamisha kichwa. Mavuno yalikuwa yanaisha. Kwetu majani ni kazi ya wanawake. Hilo halijaandikwa popote na kila mtu analijua. Mimi nilikuwa na wanafunzi wangu mjini, nilipanda mwisho wa wiki tu, na ng'ombe hali mwisho wa wiki tu; siku nyingine alikula mashina ya migomba na majani ya kuomba kwa majirani.

"Basi," mama aliniambia kwa simu, kwa sauti ndogo. "Huyo mtu wa Holili akija, mwacheni amchukue. Nimechoka kubishana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitumia neno hilo kwa ajili yake mwenyewe. Nilimwambia angoje nipande.

Nilipanda Jumamosi, nikamkuta mnunuzi ameshafika. Mtu mnene, mcheshi, fimbo mkononi, amekaa kwenye benchi uwanjani na bakuli la maziwa ya mgando, akimsifia ng'ombe kwa namna ile ya kumsifia huku akimtafutia kasoro. Mama alikuwa kwenye kigoda, amejifunga khanga mbili, amepata rangi kidogo usoni. Damu ilikuwa imeanza kupanda, kipimo cha pili kilishasema. Kwa nini hasa imepanda, sithubutu kusema. Vidonge, maini, mnafu, dawa za kizazi, kupumzika: vyote vilianza kwa pamoja, na sina mama mwingine wa kulinganisha. Mama mdogo anasema uyoga wa ile wiki ya kwanza ulifungua njia. Nimemwachia.

"Sasa mama," alisema mnunuzi, akiweka bakuli chini, "tumalize. Mzee yuko wapi?"

"Ametoka," alisema mama. "Tangu saa nane ametoka na panga, hajasema anakwenda wapi."

"Na akiondoka huyu ng'ombe utapumzika. Maana majani sasa nani atakubebea?"

Mama akageuka kwenye kigoda. Akatazama banda.

Hapo migomba ikatikisika upande wa chini wa kihamba. Kwanza tukaona majani yenyewe, fungu kubwa ovyo, limefungwa kamba kama kitanda kinachohamishwa. Chini ya majani ikatokea miguu ya baba, katika viatu vyake vya kanisani, maana hakuwa na vingine vinavyoshika mteremko. Alibeba mzigo begani, si kichwani, ukawa unamvutia upande mmoja, kwa hiyo alikuja kwa kukata kona kama gari lililopinda ekseli. Nyuma yake, mbali kidogo, wanawake wawili wa jirani walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko.

Mnunuzi alisimama, akamwita kwa cheo cha machifu wetu. "Mzee! Mangi! Hii kazi umeanza lini?"

"Siku ya tatu," alisema baba kutoka ndani ya majani. "Mbili za kwanza mzigo ulinifumukia njiani. Na simuuzii mtu ng'ombe. Nenda ukamuulize mwenye ng'ombe, lakini najua atakavyokujibu."

Yule mtu alicheka mpaka akajishikiza kwenye nguzo ya banda. Baba hakujali. Alijaribu kushusha mzigo, kamba ikakatika, majani yakamwagika uwanjani kuanzia bandani hadi mlangoni pa jiko, na ng'ombe akanyoosha shingo akaanza kula bila kumsubiri mtu.

Mama akainuka kwenye kigoda.

"Si hivyo! Nani alikufundisha kufunga namna hiyo, kamba inapita chini kwanza, unakunja mashina yote upande mmoja, unakaza kwa goti, halafu unaweka ngata kichwani, kichwani baba watoto, si begani kama gunia la saruji, na hayo majani mapana ya kule mferejini hali huyu, anayatema, umepita karibu na kwa jirani ukaona yale mazuri ukayaacha, na viatu vya kanisani, Mungu wangu, viatu vya kanisani, kesho utavaa nini wewe, utakwenda ibadani pekupeku watu waseme nakutesa?"

Yote hayo aliyasema kwa pumzi moja.